Kazi katika Kampuni Kubwa: Habari za Polaroid

Msomaji mpenzi, haitapita miaka mingi kabla ya wewe kujikuta umesimama mlangoni pa ofisi fulani, cheti mkononi, ukingoja jina lako liitwe. Huenda ofisi hiyo ikawa ya kampuni kubwa ya mitambo, mojawapo ya zile ambazo majina yao hujulikana mjini na shamba. Mwaka 2013 kampuni ya IBM ilifungua maabara yake ya utafiti Nairobi. Mwaka 2019 Microsoft nayo ikafungua kituo cha waundaji wa programu katika mji huo huo. Si ajabu, basi, kwamba vijana wengi huiota kazi ya namna hiyo, na wazazi wao huiombea dua. Je, ni kazi njema? Swali hili halijibiwi kwa neno moja. Badala ya kukupa ushauri ambao hukuuomba, nataka nikusimulie habari za kampuni moja tu, iliyozaliwa, ikastawi na kufa katika umri wa mtu mmoja, ili mema na mabaya ya kazi hiyo uyaone katika maisha ya watu walioifanya.

Nimeichagua kampuni iliyokwisha kufa kwa makusudi. Kampuni iliyo hai ina wasemaji wake na wapiga zumari wake, na sifa zake hutangulia mbele yake kama ngoma ya harusi. Iliyokufa haina wa kuipamba. Hii ninayoisema iliitwa Polaroid. Jina lake lingali likiuzwa madukani hata leo, lakini ni jina tu lililonunuliwa na wengine. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2001.

Mwanzilishi wake alikuwa Mmarekani, Edwin Land, aliyezaliwa mwaka 1909. Aliingia Chuo Kikuu cha Harvard akakiacha bila ya kupata shahada, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umetekwa na jambo moja, nalo ni nuru. Alivumbua utando mwembamba wa plastiki uliopunguza mng'ao wa mwanga, na mwaka 1937 akaunda kampuni katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts, ili autengeneze na kuuza. Utando huo ulitiwa katika miwani ya jua, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ukatiwa katika miwani ya askari. Husimuliwa kwamba mwaka 1943, alipokuwa mapumzikoni katika mji wa Santa Fe, Land alimpiga picha binti yake mdogo, na mtoto akamwuliza kwa nini hawezi kuiona picha ile papo hapo. Mtu mwingine angalicheka akalisahau swali. Land alitoka akatembea peke yake, na baadaye alieleza kwamba haikupita saa moja kabla hajauwaza karibu mtambo wote: kamera, filamu na dawa zake. Mwaka 1948 kamera ya kwanza ya picha za papo kwa papo iliwekwa dukani mjini Boston kwa bei ya dola 89.75, na zote zilizoletwa zilikwisha siku ile ile.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Land hakuwa mwajiri wa kawaida. Kampuni yake ilisema waziwazi kwamba ina bidhaa mbili: ya kwanza ni vitu vipya vyenye manufaa ya kweli kwa watu, na ya pili ni maisha ya kazi yenye thamani kwa kila aliyeajiriwa humo. Wengi hunena maneno matamu ya namna hiyo siku ya sherehe, na kesho yake huyasahau. Land aliyatenda kwa kiasi kikubwa. Aliwaajiri wanawake katika maabara wakati ambapo viwanda vingi vya Marekani viliwaona kuwa wanafaa kupiga taipu tu. Mmoja wao alikuwa Meroë Morse, aliyekuja mwaka 1945 akiwa amesomea historia ya sanaa, si kemia. Akafundishwa kazini, akapanda hadi kuuongoza utafiti wa filamu za picha nyeusi na nyeupe. Mwingine, Howard Rogers, aliambiwa akae atafakari jinsi ya kuitoa picha yenye rangi. Yasemwa kwamba alikaa kitini kama miaka miwili akiwatazama wenzake wakifanya kazi, ndipo akainuka akasema kwamba yuko tayari kuanza. Filamu ya rangi ilitoka mwaka 1963. Hebu fikiri, msomaji, ni mwajiri gani unayemjua angevumilia kumlipa mtu mshahara wa miaka miwili kwa kukaa na kuwaza? Wengine wangalimfukuza kabla ya mwezi kwisha, nasi tungaliwaona wana haki.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya kampuni tajiri yenye elimu, nayo ni kubwa kuliko mshahara. Fundi maskini katika karakana yake hana nafasi ya kukosea, kwa maana kosa moja huila chakula cha watoto wake. Kampuni kubwa inaweza kukosea mara mia moja, na mara ya mia na moja ikapata. Mtu aliyemo ndani hupewa vyombo ambavyo peke yake asingaliweza kuvinunua hata angeishi maisha mawili, huzungukwa na watu wanaojua zaidi yake, na kila siku hujifunza. Juu ya hayo palikuwa na ujira mzuri, bima ya matibabu, na fungu la faida lililowekwa kwa ajili ya uzee. Mwaka 1978 waajiriwa wa Polaroid walikaribia 21,000. Nisikudanganye: ningaliishi katika mji ule mwaka 1965, nami ningalipeleka barua yangu ya kuomba kazi.

Yapo madhara madogo ambayo nayapita upesi. Land alifanya kazi usiku na mchana, wasaidizi wake wakipokezana zamu ili waende naye sambamba. Na anayemtumikia mtu asiyelala hana budi kuuaga usingizi wake mwenyewe. Tena hapakuwa na chama cha wafanyakazi kilicho huru. Palikuwa na kamati iliyoundwa ndani ya kampuni, na watu wengi waliridhika nayo, kwa kuwa mwajiri alikuwa mwema. Likumbuke neno hilo, msomaji, nami nitalirudia.

Mwaka 1970 walikuwamo katika kampuni hiyo vijana wawili weusi. Caroline Hunter alikuwa mkemia, mzaliwa wa New Orleans, aliyeajiriwa miaka miwili nyuma alipotoka chuoni. Ken Williams alikuwa mpiga picha. Siku moja walipokuwa wakitoka kwenda kula chakula cha mchana, waliona ubaoni mfano wa kitambulisho chenye sura ya mfanyakazi mwenzao mweusi, nacho kimeandikwa kuwa ni cha Idara ya Migodi ya Afrika ya Kusini. Williams alisema hakujua kwamba Polaroid ina biashara huko. Hunter naye alijua jambo moja tu juu ya nchi ile, kwamba ni mahali pabaya kwa watu weusi. Wakaenda maktaba wakasoma, wakaona kwamba bidhaa za kampuni yao zilikuwa zikiuzwa huko tangu mwaka 1938, na kwamba mtambo ulioitwa ID-2, wenye kutoa kitambulisho cha picha kwa muda wa dakika chache, ulikuwa umefika Afrika ya Kusini.

Babu zetu hapa Kenya wasingalihitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa hapa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande chenye alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake, kikining'inia shingoni katika kijaluba cha bati kama kengele ya mbuzi. Afrika ya Kusini jambo hilo lilizidishwa ukali. Sheria ya mwaka 1952 iliziunganisha pasi zote kuwa kitabu kimoja, ambacho kila Mwafrika aliyepita miaka 16 alipaswa kuwa nacho, wanaume kwanza, na baadaye wanawake pia. Aliyekutwa bila ya kitabu alitiwa gerezani. Tarehe 21 Machi 1960 watu waliokusanyika Sharpeville kuzipinga pasi hizo walipigwa risasi na polisi, wakafa 69. Ndani ya kila kitabu ilitakiwa picha ya mwenyewe, na serikali ya Makaburu ilikuwa na mamilioni ya watu wa kuwapiga picha. Kamera inayotoa picha kwa dakika moja ilikuwa kwao neema.

Hebu jiweke katika nafasi ya Hunter. Umesoma kwa taabu ukawa mkemia. Umepata kazi ambayo rafiki zako wanakuonea wivu. Humchukii mtu, hujampiga mtu, kutwa unashughulika na chupa na dawa katika chumba safi. Kisha unagundua kwamba jasho lako, likishapita mikononi mwa watu kumi usiowajua, linaishia katika pasi ya mtu anayekamatwa usiku Johannesburg. Hilo ndilo dhara la kwanza la kampuni kubwa, na ndogo hazinalo kwa kadiri hiyo: kazi hugawanywa vipande vidogo hata kila mtu akaijua sehemu yake, na asijue kitu kizima kinakwenda wapi. Fundi wa jembe humwona mkulima anayelinunua. Mkemia wa filamu hamwoni mtu.

Mwezi wa Oktoba 1970 wawili hao walibandika karatasi katika majengo ya kampuni, zikisema kwamba Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde 60. Wakaunda chama chao cha wafanyakazi wa mapinduzi, wakatoa madai matatu: kampuni iondoke Afrika ya Kusini, itamke hadharani, huko na Marekani, kwamba inaupinga ubaguzi wa rangi, na faida iliyopatikana huko ipewe vyama vya ukombozi. Kwanza kampuni ilikana, kisha ikakiri kwamba baadhi ya mitambo na filamu zilikuwa zimeifikia serikali ile. Mwishoni mwa mwezi huo wapinzani wakauomba ulimwengu wote ususe bidhaa za Polaroid.

Hapa yafaa tuwe waadilifu, kwa maana jambo halikuwa jepesi. Kampuni haikuwapuuza. Ilituma Afrika ya Kusini wajumbe wanne, wawili weusi na wawili weupe, wakaongee na wenyeji, nao waliporudi walishauri kwamba isiondoke bali itengeneze mambo. Mwezi wa Januari 1971 ikatangaza katika magazeti makubwa kwamba haitaiuzia tena serikali ile, na kwamba kwa wakala wake wa huko, Frank & Hirsch, Waafrika wataongezewa mishahara, watafundishwa kazi za juu, na fedha zitatolewa kwa masomo ya watoto weusi. Mishahara iliongezwa kweli, na watoto walisoma kweli. Ukimwuliza baba aliyelipiwa karo ya mwanawe kwa fedha zile, huenda asikubali kwamba jambo lile lilikuwa hila tupu. Na wafanyakazi weusi wa Polaroid wenyewe hawakuwa na kauli moja. Wapo walioona kwamba wenzao wanauangusha mti uliowapa kivuli.

Lakini Hunter na Williams hawakuridhika. Tarehe 3 Februari 1971 walitoa ushahidi mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa juu ya ubaguzi wa rangi. Siku chache baadaye Hunter alisimamishwa kazi bila ya malipo, kisha akafukuzwa. Williams alikuwa amekwisha kuondoka. Mwajiri alisema kwamba mtu hawezi kulipwa na kampuni huku akiwahimiza wateja waisuse. Neno hilo lina mantiki yake, na mfanyabiashara yeyote wa Biashara Street angalisema vivyo hivyo. Hata hivyo lioneshe lilivyo: kampuni ile ile iliyompa mtu miaka miwili ya kuwaza juu ya rangi za picha haikuweza kumpa mtu mwingine miezi sita ya kuuliza picha hizo zinafanya nini. Uhuru wa fikira ulikuwamo, mradi fikira zikae ndani ya maabara.

Miaka saba ilipita. Mwezi wa Novemba 1977 Indrus Naidoo, aliyepata kufanya kazi kwa Frank & Hirsch, alitoa nakala ya hati ya mauzo, na gazeti la Boston likaichapa. Ilionekana kwamba wakala huyo alikuwa akiiuzia serikali filamu kwa siri muda wote ule, katika masanduku yasiyo na jina, hesabu zikipitishwa kwa duka moja la dawa mjini Johannesburg. Polaroid ilichunguza, ikaona ni kweli, ikakata biashara yake yote katika nchi ile mwezi huo huo. Biashara yenyewe ilikuwa sehemu ndogo sana ya mapato yake. Yaliyodaiwa na watu wawili kwa karatasi za kubandika ukutani mwaka 1970 yalitimizwa mwaka 1977, nao hawakurudishwa kazini. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986. Hunter alikuwa mwalimu katika shule za mji ule ule wa Cambridge, akafundisha kwa miaka mingi.

Utasema, msomaji, kwamba hao wawili walijitakia, na kwamba wenye busara walinyamaza wakala mshahara wao kwa amani hadi uzeeni. Basi tuwatazame hao walionyamaza.

Land aliacha uongozi mwanzoni mwa miaka ya 1980, akafa mwaka 1991. Mwaka 1988, kampuni ilipokuwa bado na nguvu, matajiri wa nje walitaka kuinunua kwa nguvu. Wakuu wake wakabuni ngao: hisa nyingi ziwekwe mikononi mwa wafanyakazi, ili wageni wasipate wingi wa kura. Ngao hiyo ililipiwa na wafanyakazi wenyewe, kwa kukatwa asilimia 8 ya mishahara yao. Hawakuulizwa kama wanataka. Makato yalikuwa ya lazima. Waliambiwa kwamba sasa wao ni wenye kampuni, na kwamba hisa hizo ndizo akiba yao ya uzeeni. Mwaka 1997 hisa moja ilipata kufikia dola 60, na wengi walijiona matajiri kwenye karatasi.

Kisha zikaja kamera zisizotumia filamu. Polaroid ilizijua mapema, kwani wataalamu wake walikuwa wa kwanza kwanza katika utafiti huo. Lakini faida yake ilitoka katika kuuza filamu, na ni vigumu kwa mtu kulikata tawi alilokalia. Madeni yakapanda karibu na dola bilioni moja. Tarehe 12 Oktoba 2001 kampuni ilikwenda mahakamani kutangaza kufilisika. Kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuwakatia wastaafu bima zao za matibabu na za maisha, na walioachishwa kazi karibuni wakanyimwa kiinua mgongo walichoahidiwa. Hisa zile za uzeeni hawakuweza kuziuza wenyewe wakati zikishuka. Zilikuwa chini ya mdhamini, naye aliziuza, bila ya kuwauliza, kwa senti 9 kila moja.

Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Watu hawa hawakutegemea cha ndugu. Walitegemea cha kwao wenyewe, kilichotolewa katika jasho lao mwezi kwa mwezi kwa zaidi ya miaka kumi. Waliitwa wenye kampuni, lakini hawakuwa na sauti ya kuuza wala ya kukataa kuuza. Hapo ndipo ninapolirudia lile neno la kamati. Mwajiri alipokuwa mwema, hawakuona haja ya mkataba wenye nguvu, wala ya chama cha kuudai. Walipewa vitu vizuri kama zawadi, wakavihesabu kuwa haki. Zawadi na haki hufanana sana siku za neema. Land angalikuwa hai, huenda angaliona haya. Lakini haya ya mtu mmoja si kitu ambacho mstaafu anaweza kukipeleka mahakamani.

Mwaka 2002 mali na jina la Polaroid vilinunuliwa na watu wengine, nao wakaviuza tena mwaka 2005. Katika uuzaji huo wa pili wakuu wawili wa kampuni mpya walipata pamoja zaidi ya dola milioni 20, kwa kazi ya miaka michache. Wastaafu wa kampuni ya zamani wapatao 6,000, baadhi yao wakiwa ni watu waliotumika kwa miaka 30 na zaidi, walipelekewa hundi zao katika bahasha za posta, kuwa fidia ya yale waliyoahidiwa. Kila hundi ilikuwa ya dola 47, kiasi ambacho kisingalitosha kununua kamera moja kati ya zile zilizogombaniwa Boston mwaka 1948.